Edwin Jackson na Clayton Kershaw: Timu 14 au Timu Moja

Warushaji hawa wawili wa besiboli ya Marekani walianzia Los Angeles Dodgers, lakini Kershaw alibaki hapo tangu 2008 hadi alipostaafu 2025, ilhali Jackson, aliyeanza 2003, alihamahama hadi kufikisha timu 14 mwaka 2019, idadi ambayo hakuna mchezaji wa ligi kuu aliyewahi kuipita.

Kila mmoja aliwahi kumaliza mechi nzima bila kuruhusu pigo salama hata moja, yaani pigo linalomfikisha mpigaji kwenye beisi, kituo cha kukimbilia uwanjani. Kershaw, mwaka 2014 dhidi ya Colorado, alirusha mipira 107 tu. Jackson, mwaka 2010 akiwa Arizona, alirusha 149 na kuwapa wapigaji wanane beisi ya bure, kwa kurusha mipira minne mibaya kwa kila mmoja. Kwangu mimi, usiku ule wa jasho wa Jackson ndio unaostahili kusimuliwa zaidi. Kabla ya Agosti kuingia, alikuwa amekwisha kupelekwa Chicago White Sox.