Gitaa la flamenko la bei nafuu: uzoefu wangu wa kulinunua na kulitunza

Gitaa ninalopigia flamenko, muziki wa kusini mwa Uhispania, ni la kiwandani, la ngazi ya chini: uso wa mbao nzima ya sprusi, mgongo na mbavu za plaiwudi yenye tabaka la nje la saipresi, urefu wa uzi milimita 650, upana wa shingo pale juu milimita 52. Nimeridhika nalo, hasa kwa sababu ya kipimo kimoja ambacho matangazo ya dukani hayakitaji: kimo cha nyuzi kutoka kwenye uso wa gitaa pale darajani, yaani kwenye kipande cha mbao kinachofungiwa nyuzi. Kwangu ni milimita 8.

Kwenye gitaa la klasiki kimo hicho huwa karibu milimita 11. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uanze kupiga. Katika flamenko mkono wa kulia hugonga mbao pia: kwenye golpe kidole cha pete kinagonga uso huku gumba au shahada vikiendelea na nyuzi. Nyuzi zikiwa juu, kidole kinasafiri mbali na golpe inachelewa, na mdundo wa bulería, mtindo wa kasi wa flamenko, haukusubiri. Alzapúa nayo, ambayo ni gumba tu likishuka na kupanda, hutaka nyuzi ziwe karibu na mbao ili kidole kipate pa kutua. Mafundi huupata uchini huo kwa kuinamisha shingo mbele kidogo wanapoiunga na mwili. Ikishaungwa imeungwa. Ndiyo maana nasisitiza upime kabla ya kulipa, kwani magitaa mengi nafuu yanayoitwa ya flamenko ni ya klasiki yaliyobandikwa plastiki ya kugongea na kusuguliwa kijiti cha daraja, kile ambacho nyuzi huegemea.

Kupima kunahitaji rula fupi tu ambayo sifuri yake inaanzia ukingoni. Kwanza kaza nyuzi zifikie sauti yake kamili. Nyuzi zilizolegea hukudanganya. Simamisha rula juu ya uso, mbele tu ya daraja, usome mpaka chini ya uzi. Milimita 7 hadi 9 ni nzuri, 10 inavumilika, 11 tafuta jingine. Kisha nenda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), upime kutoka mgongo wa freti hadi chini ya uzi: karibu milimita 3 kwa uzi wa 6, wenye sauti nzito kabisa, na 2.5 kwa uzi wa 1, wenye sauti ya juu kabisa. Mwisho tazama kijiti cheupe cha daraja kimechomoza kiasi gani juu ya mbao yake. Hapa ndipo wengi hunaswa. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo kushusha milimita 1 pale kunadai uondoe milimita 2 kwenye kijiti. Gitaa lenye milimita 4 freti ya 12 na kijiti kilichobakiza 2 tu halishushiki: uzi utapita darajani karibu tambarare, sauti itadhoofika na mkwaruzo utaanza.

Kuhusu mbao, nitasema machache. Uso uwe mbao nzima. Chungulia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini, ni mbao nzima; ukiona tabaka zilizolaliana, ni plaiwudi, na gitaa hilo litabaki na sauti ya sanduku. Mgongo na mbavu za plaiwudi hazinisumbui hata kidogo, maana hazipasuki ovyo. Antonio de Torres wa Almería, fundi ambaye magitaa ya leo yanafuata umbo lake, alitengeneza mwaka 1862 gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu ili kuonyesha kwamba kazi kubwa inafanywa na uso. Saipresi ya kimanjano hulipa gitaa jina la blanca. Rozwudi na mbao nyingine nyeusi hulipa jina la negra, lenye besi nzito na mlio unaokaa zaidi. Kwa bei ya chini ningechagua blanca, kwa kuwa wepesi wake ndio unaoleta mlio mkavu unaokatika haraka.

Sauti ya langu ni kavu, inatoka mara tu kidole kinapoachia, na rasgueado, yaani kufyatua vidole mfululizo juu ya nyuzi, haigeuki uji. Besi haina kina cha gitaa la fundi, na ukipiga kwa nguvu kabisa inafika mahali haiongezeki tena. Uzi wa 3 wa nailoni ulikuwa butu. Nilipouwekea wa kaboni, ambao ni mwembamba zaidi kwa sauti ileile, ulilingana na wenzake. Uzito umezidi blanca za mafundi, ambazo nyingi hazifiki kilo 1.4, na mashine nzito za kukazia nyuzi kichwani huvuta shingo chini. Ukipakata kwa kukunja mguu wa kulia juu ya wa kushoto, mtindo uliozoeleka kwa Paco de Lucía, mvuto huo hupungua.

Kazi ya kwanza iliyolipa ni kijiti cha daraja. Cha kiwandani kilikuwa plastiki. Cha mfupa ni badiliko dogo linalosikika. Legeza nyuzi, kichomoe, piga mstari wa penseli upande wa chini, kisha sugua upande huohuo kwenye msasa wa namba 120 uliobandikwa juu ya kioo, umalizie na 400. Kishike wima muda wote. Chini pakiwa mshazari, kijiti hakikai vizuri ndani ya mfereji na sauti inapotea hapo. Sugua kidogo, rudisha, pima, rudia, kwa sababu mfupa uliokwisha sugulika haurudi. Kijiti cha juu, pale kichwani, kipime kwa kubonyeza uzi freti ya 3: juu ya freti ya 1 pabaki upenyo wa unene wa karatasi. Usipobaki upenyo, uzi usiobonyezwa utakwaruza.

Mkwaruzo wenyewe usiuogope wote. Katika flamenko mkwaruzo mdogo unaojitokeza kwenye rasgueado kali, sawa kwenye shingo nzima, ni sehemu ya sauti. Ulio wa freti moja tu ni kasoro. Weka kipande cha chuma kilichonyooka juu ya freti tatu. Kikiyumba, ya katikati imeinuka na inahitaji fundi aisawazishe. Ujaribu pia na cejilla, kibanio cha shingoni kinachopandisha sauti ya nyuzi zote, kwenye freti za 1 hadi 5, kwani huko ndiko waimbaji watakakokupeleka.

Nyuzi natumia za mvuto mkubwa. Zinatikisika kwa upana mdogo, kwa hiyo zinafaa gitaa lenye nyuzi za chini. Uzi wa 4 hukatika kabla ya wengine, kwa kuwa kiini chake ni chembamba na freti zinakula waya uliouzungushia. Darajani, uzi wa 1 uzungushe mara tatu na ncha ibanwe nyuma ya ukingo, isiishie juu. Ukiteleza, ncha yake hupiga uso kama mjeledi na kuacha alama kwenye sprusi, ambayo ni laini.

Plastiki ya kugongea iwe nyembamba. Ya karibu milimita 0.2 inatosha. Nene huzuia uso kutikisika. Ikiinuka pembeni, usiing'oe kwa pupa: ipashe kwa kikaushia nywele chenye moto mdogo, uivute polepole kufuata mistari ya mbao. Kama uso umepakwa vanishi ya shelaki, iachie fundi, maana joto huilainisha na gundi huondoka nayo.

Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 45 na 55. Hewa ikikauka, ncha za freti huchomoza na kukwaruza kiganja, uso huzama na nyuzi hushuka. Ikilowa, uso huvimba na nyuzi hupanda. Kwa hiyo nyuzi zikibadilika kimo ghafla, soma kipimo cha unyevu kabla hujagusa msasa. Mkoba mgumu wenye kifuko cha kudhibiti unyevu ni gharama ndogo kuliko kuunga uso uliopasuka, na kwenye gitaa la ngazi hii bili ya kuunga inaweza kulizidi gitaa lenyewe.