Yamaha GC22: sprusi au mwerezi jukwaani?

Ukipiga gitaa la klasiki mbele za watu bila maikrofoni, cha kwanza kujiuliza ni kama sauti inafika kiti cha nyuma. Mimi hupiga zaidi kwenye kumbi za makanisa hapa Dar, na kwa kazi hiyo nimechagua GC22S, lenye uso (ubao wa mbele wenye tundu) wa sprusi, mti wa jamii ya msonobari. Pacha wake, GC22C, lina uso wa mwerezi. Mengine yanafanana: urefu wa nyuzi milimita 650, shingo yenye upana wa milimita 52 karibu na kichwa, mgongo na mbavu za rozwudi. Mbao tupu, si plaiwudi.

Mwerezi unakuvuta tangu noti ya kwanza. Sauti pana, yenye joto, na mkono haulazimishi kitu. Chumbani ningelipiga hilo tu. Ila nilimpa mwanafunzi wangu apige yote mawili, mimi nikaenda kukaa safu ya mwisho, jirani na mlango. Pale nyuma sauti za kati za mwerezi ziliyeyukia kwenye besi; wapo wanaoupendea hivyo. Kwenye sprusi kila sauti ilikuja kwa njia yake, hata uzi wa tatu, ule wa nailoni nene ambao kwenye magitaa mengi hudorora. Mtu anayepiga fuga, muziki wa sauti kadhaa zinazoigana na kupishana, atanielewa.

Sprusi inadai mkono wa kulia ulioiva. Sogea kuelekea daraja, pale nyuzi zinapofungwa usoni, sauti inakuwa kali na nyembamba. Rudi juu ya tundu, inanenepa. Umbali kati ya rangi hizo mbili za sauti ndio ulionikamata.

Sisemi mwerezi hauwezi ukumbi. Fundi wa magitaa José Ramírez III wa Madrid aliuingiza kwenye magitaa ya tamasha miaka ya 1960, na mpiga gitaa wa Hispania Andrés Segovia, aliyepiga kwa miaka mingi gitaa la 1937 la fundi Mjerumani Hauser lenye uso wa sprusi, akaja kupiga la Ramírez.

Kwa sisi wa pwani, unyevu ni suala zito. Mbao hunywa maji ya hewani, uso unavimba, nyuzi zinapanda juu ya freti, vile vyuma vya shingoni, na kidole kinachoka mapema. Langu linalala kwenye kasha gumu lenye kipima unyevu na vifuko vya silika, na nalenga asilimia 45 hadi 55.

Rozwudi ya mgongo ni ukoo mmoja na mpingo wetu wa Lindi na Kilwa, wote wa jenasi ya Dalbergia. Wapo mafundi wanaotengenezea mpingo migongo ya magitaa, na natamani sana kusikia mmoja chini ya uso wa sprusi.

Kuhusu nyuzi: kabla ya onyesho badilisha besi peke yake, maana ndizo zinazofifia haraka. Zile tatu za nailoni zikibadilishwa leo, kesho bado zinashuka sauti, kwa hiyo zifunge wiki nzima kabla.