Casio fx-991EX kwa hesabu za jiodesia: inafundisha nini, inakwama wapi

Kwa mtu anayeanza kujifunza hesabu za jiodesia (sayansi ya kupima dunia na mahali pa pointi juu yake) hapa Nairobi na viungani, awe chuo cha upimaji cha KISM pale Ruaraka, Chuo Kikuu cha Nairobi au JKUAT kule Juja, Casio fx-991EX ndicho kikokotoo tunachompendekezea, tena akizoee kabla hajafungua programu yoyote ya kompyuta. Programu humeza faili ya totali stesheni (chombo cha kupimia pembe na umbali) na kutoa koordineti. Kikokotoo kinakudai kila hatua: tofauti ya E (mashariki), tofauti ya N (kaskazini), robo ya duara, kizidisho cha skeli (namba inayogeuza umbali kuwa wa ramani). Mwanafunzi aliyepitia njia hiyo akiona jibu la programu limekaa vibaya anajua pa kuanzia kutafuta. Hata hivyo kina mitego, na mingine inaweza kukupotezea kazi ya mchana mzima.

Kazi ya kwanza kabisa ni kupata azimuthi (pembe kutoka kaskazini kwa mwendo wa saa) na umbali kutoka koordineti za pointi mbili, na hapa ndipo kinapostahili sifa. Chukua pointi A yenye E 257,412.36 na N 9,857,305.18, na B yenye E 257,198.74 na N 9,857,561.90. Hizo ni namba za UTM (mfumo wa gridi wa ramani) ukanda wa 37 Kusini, za kawaida kabisa katikati ya jiji. Tofauti ya E ni −213.62, ya N ni 256.72. Bonyeza SHIFT kisha +, itokee Pol( inayogeuza tofauti hizo kuwa umbali na pembe, andika 256.72, weka koma (SHIFT kisha mabano ya kufunga), andika −213.62, halafu =. Ukikata desimali utasoma r = 333.974 na θ = −39.7643. Umbali umeupata. Azimuthi haiwi hasi, kwa hiyo ongeza 360 upate 320.2357, kisha bonyeza kitufe cha digrii, dakika na sekunde: 320°14′8.6″.

Angalia mpangilio: N imetangulia, E imefuata. Hesabu za darasani za sekondari huanza na x, yaani mashariki, na wengi huja na mazoea hayo. Ukiandika E kwanza utapewa 129°45′51.4″, ambayo ni pembe kutoka mashariki kinyume cha saa. Namba hiyo haina dalili yoyote ya ubaya. Ni chanya, iko chini ya 360, na umbali ni uleule. Kinga ni mchoro mdogo pembeni mwa karatasi: B iko kaskazini-magharibi mwa A, basi azimuthi lazima iwe kati ya 270 na 360. Asiyechora atakuja kugundua kosa mwisho wa traversi (mlolongo wa mistari inayopimwa pointi hadi pointi), kama litagundulika.

Kwa nini usitumie tan⁻¹ ya E juu ya N, kama vitabu vingi vinavyoonyesha? Kwa sababu tan⁻¹ hujibu kati ya −90 na 90 tu, na wewe ndiye unayebaki kuamua robo ya duara kwa kuangalia alama za tofauti zote mbili. Pol huziangalia yenyewe na kujibu kati ya −180 na 180, kwa hiyo unachofanya ni kuongeza 360 kila jibu linapokuwa hasi. Mwanzoni fanya kwa njia zote mbili hadi robo zikuingie kichwani.

Kuna mtego mmoja wa Pol na kinyume chake, Rec, ambao haujulikani sana: kila ukizitumia, majibu huandikwa ndani ya kumbukumbu za x na y, na kilichokuwamo hufutika. Usiweke humo kitu unachokihitaji. Vithabiti kama nusu mhimili wa elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu) viweke kwenye A hadi F. Hizo hubaki hata ukizima kikokotoo.

Uingizaji wa pembe ni mzuri ukiwa na nidhamu. Digrii na dakika ziandikwe hata zikiwa sifuri. Pembe ya dakika 5 na sekunde 12 huanza na 0 na kitufe cha digrii. Tatizo kubwa hutoka kwenye chombo cha uwandani. Baadhi ya totali stesheni huonyesha 320.1409 zikimaanisha digrii 320, dakika 14, sekunde 09. Ukiichapa hivyo hivyo, kikokotoo kitaisoma kama desimali, na kwa mstari wetu wa mita 334 pointi B itahama kwa sentimita 55. Kabla ya lolote, tazama pia herufi ndogo juu ya skrini. Inatakiwa iwe D. Ikiwa R au G, hata swali sahihi litaleta upuuzi.

Kwa traversi, fx-991EX ina lahajedwali ndogo ya safu 5 na mistari 45. Mpangilio unaofaa ni huu: A iwe azimuthi kwa digrii za desimali, B umbali, C tofauti ya E, yaani B1×sin(A1), na D tofauti ya N, yaani B1×cos(A1). Fomula unaiandika mara moja, kwa OPTN ukichagua Fill Formula na kutaja eneo, C1 hadi C5 kwa mfano. Jumla za C na D ziweke mstari wa 9 kwa Sum. Lakini kabla hujafika hapo, jumlisha pembe za ndani kwanza. Traversi ya pointi 5 iliyofungwa inadai 540° kamili, na kosa la pembe hugawanywa kabla ya kuhesabu azimuthi hata moja.

Tuseme traversi ina urefu wa mita 1,240.50 na imefunga kwa +0.062 upande wa E na −0.045 upande wa N. Kosa la mstari ni 0.077, sawa na takriban 1 kwa 16,000. Kwa kanuni ya Bowditch, inayogawa kosa kwa uwiano wa urefu wa kila mstari, mstari wetu wa mita 333.974 unabeba −0.062×333.974÷1,240.50, yaani −0.017 upande wa E, na +0.012 upande wa N. Alama ya sahihisho daima ni kinyume cha kosa. Ndani ya lahajedwali, seli ya jumla ipewe alama ya $ ili isiteleze fomula inaposhuka.

Safu ya E ndiyo pekee iliyobaki, na masahihisho ni ya aina mbili. Jaza masahihisho ya E, yanakili kwenye karatasi, kisha andika upya safu hiyo kwa N. Inachosha, lakini inafanya kazi. Usijaribu kuweka koordineti kamili humo, kwa kuwa seli ni nyembamba na hazionyeshi tarakimu zote za N ya milioni 9. Fanya kazi na tofauti tu, ukijumlisha koordineti nje. Na hapa ndipo penye kasoro kubwa kuliko zote: ukitoka kwenye lahajedwali kwenda hali nyingine, au kikokotoo kikizimika, kila ulichoandika kinafutika. Kwa kawaida hujizima baada ya dakika kama 10 bila kuguswa. Nenda kwenye SETUP, tafuta Auto Power Off, uweke 60 Min. Na kila jumla muhimu iwe kwenye karatasi kabla hujasimama kuitikia simu.

Kitufe cha CALC kinastahili kupendwa kuliko kinavyopendwa. Unaandika fomula yenye herufi, unabonyeza CALC, nacho kinakuuliza thamani ya kila herufi. Kitumie kwa kizidisho cha skeli cha UTM: 0.9996(1+(A−500000)²÷(2B²)), ambapo A ni E ya pointi na B ni nusu kipenyo cha dunia, mita 6,356,800 kwa latitudo yetu. Kwa E ya 257,400 utapata 1.000328. Maana yake kilomita moja juu ya elipsoidi inakuwa ndefu kwa sentimita 33 kwenye ramani.

Sasa hesabu kizidisho cha kimo. Mji uko juu; kwa kimo cha mita 1,660 ni B÷(B+1660), sawa na 0.999739, na hicho kinafupisha kwa sentimita 26. Vizidishe viwili hivyo upate 1.000067. Nairobi basi, masahihisho mawili makubwa yanakaribia kumezana, na mwanafunzi anayeyasahau yote mawili anakosea sentimita 7 tu kwa kilomita. Anayekumbuka moja na kusahau jingine anakosea mara nne au tano zaidi ya hapo. Kisha mtu huyohuyo anapelekwa Mombasa, ambako E ni kama 574,500 na ardhi iko karibu na usawa wa bahari. Kizidisho cha skeli kule ni 0.99967 na hakuna kimo cha kukifidia, hivyo kila kilomita inapungua sentimita 33. Mazoea ya Nairobi hayamsaidii pwani. Fanya zoezi hili kwa miji yote miwili. Linafunza kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Weka 6378137 kwenye C na 0.00669438 kwenye D, nusu mhimili na e² (mraba wa esentrisiti) za WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, uhesabu nusu vipenyo vya mpindo, N na M, kwa latitudo φ. N hii si ile ya kaskazini. N ni C÷√(1−D sin(φ)²), na M ni C(1−D)÷(1−D sin(φ)²)^1.5. Mraba uje baada ya mabano ya sin kufungwa. Ukiingia ndani unaipa mraba pembe yenyewe. Kwa latitudo ya 1°17′ Kusini, N ni 6,378,147.7 na M ni 6,335,471.2. Karibu na ikweta N haikwambii ukikosea. Ukitumia kwa bahati mbaya e² ya Clarke 1880, elipsoidi ya zamani, ambayo ni 0.006803511, N inabadilika kwa chini ya sentimita 20, lakini M inaharibika kwa karibu mita 700. Kwa hiyo ukaguzi wa e² ufanyike kwenye M.

Clarke 1880 inatajwa kwa sababu ramani nyingi za Kenya zimo kwenye Arc 1960, datumu (mfumo wa marejeo wa koordineti) inayotumia elipsoidi hiyo, si WGS84. Nusu mhimili wa Clarke 1880 ni 6,378,249.145. Kuhama kutoka Arc 1960 kwenda WGS84 hapa Kenya hutumia −157, −2 na −299 kwa X, Y na Z, na pointi ileile hupata koordineti zinazotofautiana kwa takriban mita 300, zaidi upande wa kaskazini na kusini. Kikokotoo hakijui datumu. Hesabu hiyo inawezekana kwa mkono, lakini ni ndefu, na programu ya bure ya ramani, QGIS, inafaa kwa kuhakiki: msimbo wa EPSG (namba ya kutambulisha mfumo wa koordineti) 21037 ni Arc 1960 UTM 37 Kusini, na 32737 ni WGS84 ya ukanda huohuo. Hesabu kwa mkono kwanza, ndipo ufungue QGIS.

Kwenye marekebisho kwa mbinu ya miraba midogo kabisa (least squares), ukomo wa kikokotoo unaonekana haraka. Matriksi haziendi zaidi ya 4×4. Mtandao wa nivo (upimaji wa vimo) wenye pointi 3 zisizojulikana na vipimo 6 una matriksi ya 6×3, na haitaingia. Milinganyo ya kawaida (normal equations) itabidi uijumlishe kwa mkono, kisha uweke ile ya 3×3 kwenye MatA. Tumia inverse ya MatA badala ya hali ya Equation, maana unaihitaji tena kwa kukadiria usahihi wa kila pointi. Ukizidi pointi 4, hamia kompyuta.

Kuhusu ndugu zake: fx-991ES PLUS inatosha kwa mwaka wa kwanza, kwani Pol na Rec ziko palepale, lakini haina lahajedwali na matriksi zake huishia 3×3. Toleo jipya, fx-991CW, lina skrini nzuri zaidi, ila Pol na Rec zimehamishiwa ndani ya CATALOG, na kwa kazi inayozirudia mara kumi kwa saa, vibonyezo vya ziada vinachosha. Vikokotoo vinavyoprogramika vina nguvu zaidi, lakini uliza kwanza kuhusu mtihani. Vyumba vingi haviviruhusu.

Nakala bandia ziko sokoni, na kwa macho zinafanana sana na halisi. Ukinunua Luthuli Avenue au River Road, omba kukijaribu kabla ya kulipa, na muuzaji anayekataa muache. Andika Pol(−3,−4): majibu ni 5 na −126.8698976. Fungua MENU uhakikishe Spreadsheet imo. Bonyeza SHIFT kisha OPTN. Fx-991EX halisi hutoa msimbo wa QR. Mwisho funika kioo cha jua kwa kidole, na skrini isififie, kwa sababu ndani kuna betri ya LR44 inayotakiwa kuwa hai.