Kumwendea mama au kumpigia simu, wakati wa amri ya kukaa ndani

Kwenda kwa siri kunakupa kile ambacho simu haina: kumshika mkono, kuona kama amekonda, kusikia anavyohema. Ila korona ya 2020 ilikuwa na hila moja: mtu aliweza kuambukiza wengine siku mbili hivi kabla hajaanza hata kukohoa, na dalili zingeweza kuchelewa hadi siku 14. Kujisikia mzima hakukuwa ushahidi wa chochote.

Simu haitoshi, nakiri. Mzee anaisogeza karibu mno, unaona paji la uso tu. Lakini haimpelekei ugonjwa.

Mimi ningebaki na simu, isipokuwa mama awe peke yake na hawezi kujihudumia. Hapo ningekwenda, barakoa usoni, madirisha wazi, bila kupitia kwa mtu mwingine njiani.