TAHADHARI: Muuza balbu mwenye kipima mwanga ni tapeli

Jamani, nimepigwa, na kwa hasira niliyonayo hata kuandika napata shida. Nimeuziwa balbu arobaini za ukumbi wangu, eti zinakula umeme kidogo na kutoa mwanga zaidi! Nilivyohangaika na bili ya umeme ya ukumbi huo, hayo sirudii.

Huyu bwana hakuja na maneno matupu, alikuja na kifaa. Alifunga mapazia, akazima taa zote, akanieleza kwa utulivu kwamba wati ni umeme unaoliwa na lumeni ni mwanga unaotoka. Hilo ni kweli kabisa, ndiyo maana nilimwamini. Akawasha balbu yangu ya LED ya wati 9, akashika kipima mwanga usawa wa kiuno: laksi 50, yaani kiasi cha mwanga unaofika pale kifaa kilipo. Akaichomoa, akaweka ya kwake, akasema, "Soma mwenyewe, bosi," huku akikiinua hadi usawa wa macho yangu. Laksi 200! Nikadhani ananiinulia nisome namba vizuri. Kumbe anakisogeza kwenye balbu! Umbali ukipungua nusu, laksi zinapanda mara nne. Nikalipa palepale, na balbu zangu nzima nikazigawa.

Usiku wa pili nikaona mwanga wa ukumbi ni uleule. Nikaazima kipima mwanga, nikakilaza mezani, nikawasha ya kwake, kisha ya zamani iliyobaki stoo. 51 na 50. Nikapima na umeme unaoliwa na hiyo ya kwake: wati 8.7, wakati boksi linasema wati 5. Simu yake haipatikani tangu siku ile.

Mtu huyu akamatwe, arudishe hela za watu, na mzigo wake wote uteketezwe hadharani. Msiniambie habari za kusamehe.

Dalili zilikuwa kwenye boksi lenyewe: wati 5, lumeni 1800. Gawanya, unapata lumeni 360 kwa kila wati moja, wakati balbu nyingi za LED za kawaida hutoa kama 80 hadi 120. Tena wameandika A+++, alama ya daraja la kubana umeme, na Ulaya ilishaziondoa alama hizo za kujumlisha kwenye balbu tangu 2021. Afungwe kabisa, na aliyemchapishia maboksi naye afungwe! Akija kwako, mnyang'anye kipima mwanga, kiweke mezani, asikiguse mpaka balbu zote mbili ziwe zimepimwa hapohapo.