Kliniki ya lishe, Ngara: nyota nne
Nilimpeleka mtoto wa dada yangu, yuko chuo mwaka wa pili. Chapati anaimegamega tu, kisha huyoo, chooni kujitapisha. Daktari hakumwambia "kula, umekonda". Alimpima uzito akiwa ameipa mizani mgongo, nambari asiione, halafu akaagiza kipimo cha damu cha potasiamu (madini ya mwilini), maana kutapika huishusha na mapigo ya moyo yakavurugika, hata kwa mtu ambaye hajakonda. Mimi nikaambiwa nikae naye mezani tupige stori za chuo, habari za sahani nisizitaje. Kilichoniudhi ni ile runinga ya mapokezi, eti inatangaza chai ya kupunguza tumbo. Jamani, izimeni! Jumamosi foleni ni ndefu, pigeni simu kwanza.