Uzoefu wangu: pasi ya Eurail nikiwa na miaka 67, peke yangu

Nina miaka 67 na goti la kulia linalojiamulia lenyewe siku ya kufanya kazi. Nilizunguka Ulaya peke yangu wiki tatu: Paris, Strasbourg, Munich, Salzburg, Vienna, Zurich, nikamalizia Milan. Nilinunua pasi ya Eurail, tiketi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya, ya siku saba za safari ndani ya mwezi mmoja. Wenye miaka 60 na kuendelea hupunguziwa asilimia 10.

Kama unatafuta unafuu tu, tiketi za kawaida zikinunuliwa mapema mara nyingi huishinda pasi. Mimi nilichokuwa nanunua ni ruhusa ya kughairi. Vienna niliamka goti limevimba, suruali haipandi, na mbele yangu kuna karibu saa nane za treni hadi Zurich. Nikarudi kulala. Kiti nilichokuwa nimekilipia euro chache kikapotea, basi. Kesho yake nikaenda stesheni, nikakaa kwenye benchi, nikafungua siku ya safari kwenye simu, nikapanda. Fungua siku ukiwa hapo hapo stesheni, si usiku uliotangulia, maana inahesabiwa saa sita usiku hadi saa sita usiku, na ikishaanza hairudi.

Uhuru huo lakini hauko kila mahali. TGV, treni za kasi za Ufaransa, lazima ubuku kiti na ulipie ada juu ya pasi, na viti vya wenye pasi vina kikomo. Paris hadi Strasbourg nilibuku wiki tano kabla, nikafungwa na tarehe kama mtu mwingine yeyote. Kutoka Strasbourg nilipanda treni ndogo hadi Offenburg, ng'ambo ya mto Rhine, na kuanzia hapo mpaka Zurich kubuku ni hiari. Zurich kwenda Milan ni lazima tena. (Mandhari niliyoingoja kwa hamu ikakatizwa na handaki la Gotthard, kilomita 57 za giza.)

Kosa langu kubwa lilikuwa Salzburg. Nilichoma siku nzima ya pasi kwa safari isiyofika saa mbili kutoka Munich, na kumbe Bayern-Ticket, tiketi ya siku ya treni za mkoa wa Bavaria, inafika hadi Salzburg. Ningejua, ningenunua pasi ya siku tano.

Ratiba nazo hupenda kukupa dakika saba za kubadilisha treni. Hizo ni za vijana. Stesheni moja lifti ilikuwa mbovu, nikabaki chini ya ngazi na begi la kilo tisa hadi kijana mmoja akalinyakua bila kuniuliza. Kuanzia siku hiyo niliweka nusu saa kuwa muda wa chini kwenye DB Navigator, programu ya simu ya reli za Ujerumani.

Viza ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, niliiomba kwa Austria kwa sababu ndiko nilikokaa siku nyingi zaidi. Bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000, na usome kwa makini inasemaje kuhusu maradhi uliyokuwa nayo tangu zamani; yangu ya kwanza ilikuwa haiyagusi, nikaibadilisha.

Natoa nyota nne. Ya tano imebaki Ufaransa.